Jikoni Hamkuwa na Kinu

Mama mwenzangu unayejiandaa kumpeleka mtoto Mikumi kusoma, nisikilize kabla hujafunga zipu ya begi lake. Kama mtoto wako anadhurika na karanga kama wangu, usiridhike kwa kuambiwa kwamba hapa pana mboga za majani tu. Mimi niliambiwa, nikaenda nikaangalia kwa macho yangu, nikaridhika. Nakuandikia nilichokiona baada ya hapo.

Binti yangu anaitwa Yusrah. Tunakaa Zombo. Alipokuwa mdogo, meno bado yanaota, alipewa kipande cha kashata ya karanga kwenye shughuli ya jirani. Midomo ikavimba, macho yakafumba, pumzi ikawa inapiga filimbi. Wengine wakasema kijicho, wengine wakasema kakanyaga kitu njiani. Zahanati wakasema ni mzio, karanga kwake ni sumu, na ipo siku inaweza kumkaba kuliko hiyo. Toka hapo karanga haijavuka mlango wangu. Na kinu changu hakiazimwi. Ukimpa mtu kinu hujui anaenda kutwanga nini. Majirani wanasema, "Kinu cha Mama Yusrah utadhani cha dhahabu." Nawaacha waseme, mwanangu anapumua.

Basi akapata nafasi ya kusoma ushonaji Mikumi, masomo ya kutwa. Chumba tulishapata kwa watu wema, ila chakula cha mchana atakula mjini, peke yake, mimi siko. Nikamwambia baba yake, simwachi mtoto kabla sijajua anakula wapi na anapikiwa na nani.

Gari halijasimama vizuri stendi, wachuuzi wameshafika dirishani. Wa maji, wa machungwa, na kijana wa karanga ananyoosha mkono mpaka ndani, vifungu vyake vya karanga vinagusa bega la Yusrah. Nikavuta kioo kwa nguvu.

"We mama, utanikata mkono!"

"Toa karanga zako hapo!"

"Si useme tu hutaki, mama yangu. Karanga nazo zimekukosea nini?"

Watu wakacheka. Yusrah akainamisha uso. "Mama, hapa ndipo nitakapokuwa napita kila siku," akaninong'oneza. "Usinianzishie."

Tukaanza kuzunguka. Pale barabara kuu kuna nyama choma, moshi unaita toka mbali. Nikamuuliza mchomaji amechinja nani, akanijibu, "Mama, we kula, ukishiba ndiyo uulize." Mimi ni Mwislamu, jibu kama hilo silitaki. Halafu pale ni jirani na mbuga, maneno ya nyamapori hayaishi, hujui hicho unachotafuna kilikuwa na pembe gani. Nikamvuta mtoto tukaondoka.

Tukaenda kwenye chipsi. Mafuta ya alizeti, viazi vinamenywa mbele yako, nikaanza kupata moyo. Nikaona bakuli la karanga za kukaanga pembeni ya kabati, na kijana anazichota kwa mkono uleule anaoshikia chipsi. Tukaondoka. Hoteli ya pilau mpishi wao alinijibu vizuri, Mungu ambariki: "Mchuzi wetu tunausagia karanga kidogo, ndiyo unakuwa mzito." Nikamshukuru sana. Yule hakunidanganya.

Yusrah alikuwa amechoka. "Mama, nina njaa. Tutazunguka mji mzima?"

"Hata mji wa pili tutazunguka."

Ndipo mama mmoja anayeuza vitenge akatuelekeza nyuma ya stendi kwa Costancia. Alisema huyo ni Msabato, kwake nyama haiingii kabisa, anapika mboga na nafaka tu, na watu wenye masharti ya daktari wote wanakula pale. Nilivyosikia nyama haiingii, moyo ukatulia. Nilikuwa nimeshaiweka nyama kichwani kama ndiyo adui, nikasahau adui yangu tangu zamani anaota ardhini.

Kwa Costancia ni banda la mabati, meza mbili ndefu, vitambaa safi. Masufuria yamepangwa: wali, ugali, maharage, mchicha, bamia, biringanya, kisamvu, ndizi za nazi. Yusrah akamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibuni sana, kaeni." Mwanamke wa umri wangu, mnene, mcheshi, kanga kiunoni.

Sikukaa. Nikamwambia, "Dada, huyu mtoto akila karanga anakufa. Si kwamba hapendi. Anakufa."

Akaacha kucheka. Akafuta mikono. "Dada yangu, njoo jikoni."

Akanifunulia sufuria moja moja. Hapa nimeunga nazi. Hapa vitunguu na nyanya. Hapa mafuta na chumvi tu. "Karanga mimi siungii mboga, zinanipa kiungulia. Toka nianze biashara hii karanga haijaingia humu."

Nami nikaangalia kwa jicho la mwenye kinu. Nikachungulia chini ya meza, nyuma ya mlango, pembeni ya maji. Hakuna kinu. Hakuna mchi. Nikajisemea, jiko ambalo halina kinu litatwangia wapi karanga? Nikahema. Nikarudi mezani nikamwambia mwanangu, "Hapa utakula."

Yusrah akaagiza ugali na kisamvu. Mimi wali maharage. Kilikuwa kisamvu kizuri, laini, kimekolea nazi mpaka kinang'aa. Costancia akamwongezea upawa, akasema mwanafunzi hali kama ndege. Tukaanza kula, na mimi nikawa namweleza atakavyokuwa anafunga chumba, atakavyokuwa anapiga simu, asikae karibu na wachuuzi.

Akaacha kutafuna.

"Mama, ulimi unaniwasha."

"Pilipili?"

"Sijaweka."

Nikamtazama mdomo. Mdomo wa chini ulikuwa umeshaanza kugeuka, unajaa kama unapulizwa. Akajikuna shingo, na kila alipopitisha kucha panainuka uvimbe. Nikatoa vidonge vyake vya mzio kwenye pochi, vikamwagika chini, nikaokota kimoja nikamtia mdomoni na maji. Maji yakarudi. Koo lilikuwa linafunga.

Akanishika mkono. Binti mkubwa vile, ananishika kama anavyonishika mtoto wa kunyonya, ananiangalia ananitaka nifanye kitu, na ile filimbi niliyoisikia siku ya kashata ikaanza tena kifuani mwake.

Nilipiga ukelele. Costancia akatoka mbio barabarani na mwiko mkononi, akamsimamisha bodaboda kwa kusimama katikati ya njia. "Mudi! Hospitali! Mtoto anakufa!" Kijana hakuuliza. Tukampakia Yusrah katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Pale barabara kuu malori ya kwenda Iringa yanapita mfululizo, moja likifuata jingine, na sisi tumesimama ukingoni tunasubiri nafasi. Nilikuwa nimebana sikio langu mgongoni mwa mwanangu. Nasikia filimbi. Nasikia filimbi. Halafu sikuisikia.

"Pita!" nikamwambia Mudi. "Pita hivyohivyo!"

"Mama, tutakufa wote."

"Pita!"

Akapiga honi mfululizo, akapita. Sijui tulipitaje. Nakumbuka upepo wa lori ukanivua mtandio.

Hospitali nesi alimtazama mara moja tu, akamchoma sindano pajani juu ya nguo. Wakamvalisha barakoa ya hewa. Nilikuwa nimesimama ukutani nasoma Yasini, na kila nikifika mahali napotea naanza upya. Kisha nikaona kifua kimepanda. Kikashuka. Kikapanda. Nikakaa chini sakafuni palepale.

Costancia akatufuata, bado ana mwiko. Alikuwa analia. "Haki ya Mungu, Mama Yusrah, sikuweka karanga. Kama niliweka Mungu anichukue."

Nilitaka kumrukia. Nakwambia kweli, kama si yule nesi kuwa pale katikati ningemrukia. "Sasa mwanangu amekula nini? Amekula nini kwako?"

Ni Yusrah aliyejibu, sauti imekwaruza, ameishusha barakoa kidogo. "Mama. Kisamvu kilitwangwa wapi?"

Nikamgeukia Costancia.

Costancia akajishika kichwa. "Nanunua sokoni," akasema. "Kimeshatwangwa. Mimi sina kinu."

Unaelewa, mama mwenzangu? Nilichungulia jiko lile nikakosa kinu nikashukuru, wakati kukosekana kwa kinu ndiyo ilikuwa hatari yenyewe. Kisamvu hakiliwi bila kutwangwa. Kama hakikutwangwa hapo, kimetwangwa pengine, na huko pengine mimi sikwenda.

Tulilazwa mpaka kesho yake. Tuliporuhusiwa nikamwambia Costancia atupeleke mimi na Yusrah kwa huyo mtwangaji. Ni mama mtu mzima, anaitwa Bi Mwanasha, anakaa mwisho wa soko kwenye kigoda, kinu mbele yake. Nikamwamkia, akaitika. Tukasimama kando tukimwangalia kazi. Mteja akaleta karanga mbichi, akazitwanga zikawa unga, akazimimina kwenye mfuko. Ndani ya kinu ukabaki utando mweupe wa mafuta. Hakukiosha. Akachukua majani ya mhogo kwenye tenga, akayatia humohumo, akatwanga.

"Bi Mwanasha," nikamwambia, "mbona hukukiosha?"

Akaniangalia kama nimeuliza swali la kitoto. "Nikioshe maji yote hayo niyatoe wapi? Karanga kwanza, kisamvu baadaye. Majani yanakomba mafuta, kinu kinatoka kitupu, na kisamvu kinalainika. Bibi yangu alitwanga hivi Kilosa, mama yangu hivi, na mimi hivi. Hukuona kinavyong'aa?"

Nilikiona. Nilidhani ni nazi.

Costancia akamweleza yaliyotokea. Bi Mwanasha akauweka mchi chini taratibu. Akamtazama Yusrah, midomo bado imevimba kidogo. "Kwa hicho kidogo?" akasema. "Kwa utando tu?" Akachukua kisamvu alichokuwa anatwanga akakimwaga pembeni, sijui kama alifanya kwa ajili yetu au alishindwa tu kukitazama.

Mimi nikamwambia Yusrah, "Kafunge begi. Tunarudi nyumbani."

"Sirudi."

"Unasemaje?"

"Mama, hata Zombo kuna vinu. Kila nyumba ina kinu, ila chako tu ndicho hakiazimwi. Utanifungia ndani mpaka lini? Nimeshajua cha kuuliza. Jana hatukujua." Akaanza kulia. "Nataka kushona, mama."

Ningefanyaje? Niambie wewe mwenye mtoto. Usiku ule sikulala, nimemshika mkono nasikiliza pumzi. Asubuhi nikarudi Zombo peke yangu, na kesho yake nikapanda tena gari, nimebeba kinu changu kichwani na mchi mkononi.

Konda akanisimamisha mlangoni. "Mama, unahamia Mikumi au unaenda kuolewa?"

"Naenda kumlisha mwanangu."

"Kinu nauli yake nusu mtu."

"Kiweke chini ya kiti, na mtu asikikanyage."

Nikakiweka jikoni kwa Costancia, pale pembeni ya maji nilipokuwa nimetafuta siku ile nisikione. Tukaapa wote wawili, yeye kwa dini yake na mimi kwa yangu, kwamba kitatwanga majani ya mhogo tu. Ananunua majani mazima, anatwanga mwenyewe. Nikamwambia na Yusrah: kula cha kukatwa kwa kisu huku unaona, mchicha, bamia, biringanya. Kula mhogo wa kuchemsha. Kula hindi la kuchoma lililomenywa mbele yako. Kilichosagwa, kilichotwangwa, kilichopondwa, uliza kimetokea wapi mpaka ufike kwenye kinu chenyewe, na kama hufiki, usile. Na usiulize "kuna karanga?" peke yake. Watu hawasemi uongo. Wanajibu kuhusu sufuria yao.

Sasa hivi kila mchana nakaa na simu mapajani. Akimaliza kula ananipigia. Juzi amenipigia akaniambia, "Mama, leo alikuja mtu kuazima kinu. Costancia kamkatalia. Kamwambia kinu cha watu."

"Alikuja lini?"

"Nilipokuwepo."

"Na usipokuwepo? Ukiwa darasani?"

Nikasikia magari ya stendi nyuma yake, na sauti ya mchuuzi anatangaza vifungu vya karanga.

"Mama," akasema, "kila siku kabla sijakaa naingia jikoni. Nainamia kinu nanusa. Kikinuka majani, naagiza. Kikinuka kitu kingine chochote, natoka naenda kununua hindi."

"Na leo kilinuka nini?"

"Majani, mama. Nimeshakula. Sikiliza."

Akaisogeza simu kifuani. Nikasikiliza pumzi, inaingia, inatoka, haina filimbi. Nikamwambia asikate kwanza.