Mrithi wa Lokole

Papa Bulaimu aliwatazama wale vijana watatu kama mtu anayetazama samaki waliooza. Mbele yao ililala lokole ya baba yake, ngoma ya kupeleka ujumbe, gogo lililochimbwa ndani, lenye mdomo mmoja wa sauti nzito na mwingine wa sauti nyembamba. Saa tisa mtumbwi wa mota ungeondoka Kindu kwenda kijijini kwake, kupita Lokandu, ambako simu hazishiki. Chifu alitaka ngoma irudi pamoja na mtu wa kuipiga, ili wapiganaji wakitokea watu wakimbie mapema. Vidole vya Papa Bulaimu vilikuwa vimevimba. Ilibidi achague mwingine leo hii.

Alianza Dieumerci, mpiga bateri, zile ngoma za kizungu, wa kanisa. Alimwaga mapigo kama mvua ya mawe, akarusha kijiti juu, akakidaka.

"Umemaliza kufukuza inzi?" Papa Bulaimu aliuliza. "Nyiye watu wa bateri munaogopa kimya. Mukiona nafasi kidogo, munaijaza na masahani."

Matata, wa tumba katika orkesta ya baa, alipiga kwa kiuno kizima. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtamu, mzee alikubali moyoni, na hilo likamuudhi zaidi.

"Wewe unabembeleza wanawake. Lokole haina kiuno."

Ali, wa dufu za msikitini, alipiga pigo mojamoja, macho chini.

"Huyu naye anabisha hodi!" Wenzake wakacheka. "Kwa dufu muko makumi mbili, mumoja akilala hakuna mwenye anajua. Leteni vijiti!"

Mzee akapiga mwenyewe onyo la vita, kwa mirindimo na madoido, maumivu yakimpanda hadi viwikoni. Matata alipiga mluzi.

Upande wa pili wa uwanja, shemeji yake Victorine aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo.

"Ndiyo vile ulipiga mwaka wa tisini na nane, shemeji."

"Ndiyo ufundi."

"Siye wa ng'ambo ya mto tulisikia ngoma ya arusi. Ulitia mapambo mpaka maneno ikapotea. Bwana yangu alivaa shati mupya, akavuka kuja kula pilau. Wapiganaji wakamupokea."

Papa Bulaimu alikuwa na jibu, amelitumia miaka yote: upepo, tena masikio mabovu ya watu wa ng'ambo. Vijana walikuwa wanamngoja. Akachukua vijiti tena.

Kisha akapiga onyo lilelile likiwa tupu, bila mapambo, mapigo sita.

"Rudieni."

Dieumerci alipiga sita, akaongeza mawili. Matata alifika la sita salama, halafu mkono wa kushoto ukamponyoka, ukatia mrindimo mdogo mwishoni. Mzee alimpokonya vijiti.

Ali alipiga sita.

"Tena."

Sita.

"Tena, na haraka. Wako karibu!"

Sita, wala hakuharakisha.

"Huna ufundi hata kidogo," Papa Bulaimu alisema. "Mikono ya kubeba mihogo. Tangu nizaliwe sijaona mupigaji mukavu kama wewe."

"Ndiyo, papa."

"Basi inua, mutumbwi haungoje muntu."

Ali aliinama kuinua lokole. Mzee akashika upande wa pili kwa vile vidole vyake, akilalamika njia nzima hadi mtoni kwamba hata kubeba hajui.