Sauti ya Kumjibu Mtani

Tangu madaktari walipomtoa koromeo, Mzee Ambrosi hakutaniwa tena. Watu wa mtaa wa Ng'ambo, pale Tabora, walimsalimia kwa heshima, wakampisha njiani, wakamshika mkono alipovuka mtaro. Heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza. Alikuwa Mnyamwezi aliyezeekea kazi ya reli, mtani wa Wagogo, Wazaramo na Waluguru, na zamani hakuweza kufika sokoni bila kutukanwa na mtu na kumrudishia matusi yake yakiwa yameongezewa chumvi. Sasa alipita kama jeneza linavyopita: watu hunyamaza mpaka lipite.

Levina hakuyajua hayo siku mzee alipofika kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Alimwona tu babu mrefu mwenye leso nyeupe shingoni.

"Shikamoo, babu."

Mzee aliinua kiganja, midomo ikatamka jibu lisilo na sauti. Kisha akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakiweka mezani kama mtu anayeweka yai.

Ilikuwa kompyuta ya mkononi, ya zamani, ya kufunguka katikati kama kasha la miwani. Chini palikuwa na vitufe vidogo vilivyofutika herufi, juu kioo cha kijivu kisicho na rangi. Levina alikuwa amesoma elektroniki chuoni miaka mitatu, lakini mashine ya namna hiyo alikuwa ameiona kwenye picha tu. Mhandisi mmoja aliyewahi kuja kukagua reli alimwachia mzee mashine hiyo, wakati huo mzee akiwa mkuu wa stesheni ya Usoke, naye akaitumia kuandikia saa za treni mpaka alipostaafu. Simu za kioo zilikuwa zimemshinda. Vidole vyake vilikauka mno, kioo hakikuvisikia. Vitufe hivi alivijua hata gizani.

Kioo kiliwaka nusu, kikazima. Levina alikigusa tena, kikawaka. "Utepe wa waya umekatika kwenye bawaba," alisema kwa sauti ndogo. "Unatengenezeka, babu."

Mzee alitikisa kichwa. Aliandika haraka kabla kioo hakijazima: *Sitaki iwake tu. Nataka iseme.*

Kazi ilimchukua Levina miezi. Aliagiza utepe mpya kutoka Dar es Salaam, akaubandika huku akishikilia pumzi. Betri mbili za kawaida alizitoa, akaweka za kisasa zinazochajiwa kwa waya wa simu. Nyuma ya mashine aliunganisha bodi ndogo isiyozidi ukubwa wa kiberiti, na bodi hiyo ikaongea na spika ya mviringo ambayo mzee angeweza kuitia mfuko wa shati. Mzee akiandika sentensi na kubonyeza kitufe cha mwisho, herufi zilipita kwenye waya hadi kwenye bodi, nayo ikazisoma.

Tatizo likawa sauti yenyewe. Ile iliyokuja na programu ilisema Kiswahili kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Mzee aliisikiliza mara moja, akaandika: *Huyu hataniwi. Huyu ni wa kutangaza ndege.*

Ndipo Levina alipopelekwa nyumbani kwa mzee, kwa mkewe Advera.

Mama Advera alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza maisha yake yote, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule walijifunza kusoma kwa fimbo na kicheko chake. Wakati huo figo zilikuwa zimeanza kumwangusha. Wiki hii yuko hospitali ya Kitete, wiki ijayo yuko kitandani kwake. Alimketisha Levina karibu.

"Unajua anachotaka huyu mwanamume?" aliuliza. "Anataka kutukanwa. Wenzake watani wamemwacha. Siwalaumu, binti yangu. Kumtania asiyeweza kujibu ni kumpiga mtu aliyefungwa mikono. Alijaribu kujibu kwa karatasi. Akimaliza kuandika, utani umeshapoa, na anayemsomea ndiye anayechekwa."

Mzee, kwenye kiti chake, alikunja uso.

"Tazama anavyonuna. Na mimi nina shida yangu. Nimeolewa kwenye nyumba ya utani. Babu zake walibeba pembe na mizigo kutoka hapa hadi pwani, wakagombana na kila kabila njiani mpaka wakawa ndugu. Kwenye msiba wa nyumba hii mtani hukalia kaburi, na mfiwa humjibu mpaka ashuke. Mama mkwe wangu alizikwa hivyo. Mimi nikizikwa watu wamenyamaza, nitakuwa nimezikwa kama maiti ya manispaa, isiyo na ndugu." Alivuta pumzi. "Kwa hiyo aseme kwa sauti yangu. Nina kazi gani nayo tena?"

Levina alimrekodi silabi moja baada ya nyingine, *ba be bi bo bu*, jinsi alivyozifundisha ubaoni, ili bodi izishone ziwe maneno. Mama Advera alipumzika kila baada ya mstari. Aliposikia Levina akimsomea mstari unaofuata kwa mnong'ono, alimkatiza.

"Mbona unajificha ndani ya mdomo wako? Usiimbe, usinong'one. Sema kama unamwambia mtu mmoja."

Levina alitazama chini. Hata kanisani alikuwa hajawahi kusoma somo. Mara moja alipangiwa, akajifanya mgonjwa.

Neno la kwanza ambalo mashine ilisema vizuri lilikuwa *marahaba*. Mzee alimfanya Levina amwamkie tena na tena mchana kutwa. Wiki ile ile, kabla mzee hajapata nafasi ya kuipeleka mashine sokoni, Mama Advera alirudishwa Kitete, na safari hii hakutoka.

Msibani, wanaume walikaa uani kwenye viti vya kukodi, wanawake sebuleni kwenye mikeka. Justus alifika mapema. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, gadi wa treni wa zamani, aliyehamishiwa Tabora ujanani na kutukanana na Ambrosi miaka yote ya kazi. Sasa alivua kofia, akampa mfiwa mkono wa pole, akakaa pembeni kwa adabu kama mjumbe wa kamati. Mzee Ambrosi alimfuata kwa macho muda mrefu.

Wilbroad, mwana wa marehemu aliyetoka Mwanza alfajiri, alimwita Levina kando ya tangi la maji.

"Dada, nimesikia mashine ya baba inasema kwa sauti ya mama."

"Ndiyo, kaka. Alitaka mwenyewe."

"Najua. Aliniambia kwenye simu, tukacheka. Lakini leo siwezi kucheka. Shangazi zangu wakimsikia mama anaongea naye yuko ndani ya sanduku, watazimia. Na mimi pia. Nakuomba."

Hakuwa mtu mkali. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa akisugua mikono. Levina alikwenda kumweleza mzee. Mzee alisikiliza, akafungua mashine, akaandika bila kubonyeza kitufe cha kusema.

*Ana haki. Mama apumzike. Lakini nisipojibu, Justus hatanena. Nisipokuwa na sauti, mama atazikwa kama alivyoogopa.*

Kisha akaongeza: *Niazime yako.*

 Levina alitaka kusema sauti yake ni nyembamba, kwamba watu wote watageuka, kwamba yeye ni fundi na fundi hukaa nyuma ya meza. Mzee hakumsihi. Alifunika mashine, akaiweka magotini, akangoja kama walivyongoja abiria wake kule Usoke, bila uhakika kama treni itakuja.

Levina alikwenda stoo ya nyuma. Alijifunika blanketi kuzuia kelele za masufuria, akawa peke yake na magunia ya mahindi na simu iliyokuwa ikimrekodi. Mara ya kwanza sauti ilitetemeka akafuta. Mara ya pili alilia akafuta. Ndipo alipomfikiria mtu mmoja tu, yule mzee uani, akamwambia yeye silabi zote, kuanzia *ba* hadi *ng'wa*. Jua lilipopinda na watu kuanza kujipanga kwa safari ya makaburini, alichomoa kwenye bodi kadi iliyokuwa na sauti ya marehemu, akamkabidhi Wilbroad mkononi, na kuweka nyingine yenye sauti yake mwenyewe.

Padri alimaliza sala. Jeneza likateremshwa, vijana wakashika makoleo. Justus alikuwa amesimama kando ya lundo la udongo, kofia kifuani, kimya. Watani wengine nao walikuwa kimya. Levina, nyuma ya akina mama, alimwona Mzee Ambrosi akifungua mashine na vidole vyake vikianza kutembea.

"Justus," sauti ilisema, nyembamba lakini safi. "Umekuja kuzika, au umefuata wali?"

Makoleo yalisimama. Padri aliinua kichwa. Watu walitazamana kutafuta aliyesema, na Levina akatamani ardhi impokee na yeye. Alijua sauti ile kuliko mtu yeyote pale, na aliona haya kuisikia imesimama peke yake katikati ya watu wazima. Justus hakucheka. Alimtazama mfiwa, akaitazama spika mfukoni mwake. 

Kisha Justus akavaa kofia yake, akapanda lundo la udongo na kukaa juu yake, miguu imenyooka mbele.

"Nani kasema?" aliuliza. "Ambrosi namjua. Sauti yake ilikuwa kama ya punda aliyekosa maji. Hii ya nani? Jamani wa Tabora, njooni mwone maajabu. Mke hajafukiwa, mzee ameshaleta mwingine, tena kigoli!"

Kicheko kilipasuka kwanza upande wa wazee wa reli, kikafika kwa wanawake. Shangazi mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya khanga huku mabega yakimtikisika. Levina alifunika uso kwa mikono yote miwili. Lakini alitegea sikio. Vitufe vilisikika, tik, tik, tik, na watu wote, hata padri, walingoja. Hakuna aliyemsomea mzee. Hakuna aliyemsaidia.

"Huyu ni binti yangu," sauti ilisema. "Mkimtaka, leteni ng'ombe. Siyo wa kwenu Ugogo. Wa kwenu tunawajua kwa mbavu."

"Haloo!" mzee mmoja alisema kwa kuridhika.

"Mbavu zile zile," Justus alijibu, "ndizo babu zako walizozitolea macho walipopita kwetu na njaa zao, wamebeba pembe za Mwarabu kichwani. Tuliwadai hongo, yaani ushuru wa maji. Leo nadai tena. Sishuki. Huyu mama alikuwa wetu, alikuvumilia wewe kwa niaba ya taifa zima. Unanipa nini nishuke?"

Mzee aliinamia mashine. Safari hii vidole vilikwenda polepole, vikasimama, vikaendelea. Levina aliondoa mikono usoni.

"Sina kitu, Justus. Kilichokuwa changu kiko humo ulimoelekeza miguu. Shuka umfunike. Mikono yangu haina nguvu."

Hakuna aliyecheka.  Justus alipoongea, hakuwa akiongea na watu.

"Nimetembea na matusi yako mfukoni tangu ulipokatwa shingo, Ambrosi. Sikuwa na wa kumpa. Nilidhani nitakuzika nayo." Akajiinua kwa shida, akashuka, akampokonya kijana mmoja koleo. "Toka hapo. Nyie wa siku hizi mnafukia kama mnapanda karanga."

Alifukia yeye, akafuatiwa na Mluguru mmoja aliyekuwa akimtukana kwa namna anavyoshika mpini, na udongo ukaingia kaburini kwa fujo na kelele, mpaka shimo likajaa na msalaba ukasimikwa.

Waliporudi nyumbani, wali ulipakuliwa. Levina alitaka kupita nyuma kimya kimya arudi kibandani, lakini uani alikuta mzee amezungukwa. Mzaramo muuza vitenge alikuwa amevuta kiti mbele yake. Nyuma yake wengine watatu walisubiri zamu, na Justus, sahani mkononi, alikuwa akiwafokea wasimzibie. Uso wa mzee ulikuwa umechoka, leso ya shingoni imelowa jasho.

"Babu, upumzike," Levina alimwinamia. "Betri bado ipo, lakini wewe umechoka. Niwaambie waje kesho?"

Mzee alimtazama, macho mazito ya mtu aliyefiwa. Akabonyeza.

"Waache," sauti ya Levina ilisema, ikavuka ua mzima. "Waache waje."

Naye Levina akavuta mkeka, akakaa hapo hapo karibu na spika, mbele ya watu.