Jogoo wa Kukomboa Kapteni

Kama wewe ni Mhehe na shemeji yako ni Msukuma, pole sana, maana huyo ni shemeji na mtani kwa pamoja, na hakuna baraza litakalokusikiliza ukishtaki. Mimi Rozalia, fundi cherehani wa Kihesa, ninaye mmoja. Anaitwa Seni, anauza spea za pikipiki Mwanjelwa kule Mbeya, na ndiye aliyemwoa mdogo wangu Goodness. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao aliwafungia mbwa wake chumbani, eti Mhehe amefika, hataki waliwe wapungue. Mshenzi yule!

Goodness alipopata mimba na kipimo kikaonyesha mtoto wa kike, Seni akasema ataitwa Nyamizi, jina la mama yake. Mimi nikasema thubutu, ataitwa Verediana, jina la bibi yetu aliyetulea wazazi walipotutoka. Tulibishana kwenye simu mpaka Goodness akachoka.

"Si mna ule mpira wenu wa kwenye simu?" alisema. "Atakayekuwa juu mwisho wa Januari ndiye atakayempa mwanangu jina. Sasa niacheni nilale."

Mpira wenyewe ni fantasi. Unapanga kikosi chako cha wachezaji wa Uingereza kwenye simu, na wakicheza vizuri kweli uwanjani, wewe huku Kihesa unapata pointi. Mmoja unamfanya kapteni, pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Muda wa kupanga ukiisha, kikosi kinafungwa, hata ulie machozi ya damu. Seni alichagua wachezaji kama yuko kwenye mnada wa ng'ombe Usangu, anatazama miguu na upana wa mgongo. Mimi nilisoma habari za majeruhi huku nikishona, na kuna mama mmoja wa kwaya sketi yake ina upindo wa mlima na bonde kwa sababu ya nyonga ya beki fulani.

Bibi mwenyewe hakujua mpira hata kidogo. Lakini kila Ijumaa nilipompelekea maziwa aliniuliza, "Jina langu linaongoza?" Nikisema ndiyo, anapiga kigelegele. Nikisema hapana, ananiuliza kama ninakula vizuri.

Wiki ya mwisho, Seni akiwa mbele yangu kwa pointi tano, bibi alilala na hakuamka. Nililia mpaka sauti ikakauka. Na katikati ya kilio, Mungu anisamehe, nikawaza: sasa ni lazima nishinde.

Mazishi yakapangwa Jumamosi jioni, na kikosi kilikuwa kinafungwa saa nane mchana siku hiyohiyo. Seni alifika asubuhi na watani wenzake, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la nguo za bibi. Alitoka amevaa sweta lake la kijani na kitenge chake, fimbo mkononi. Ndiyo desturi yetu. Mtani akivaa nguo za marehemu, basi siku hiyo yeye ndiye marehemu. Hata mjomba Edmund, mzee wa kanisa, alimwamkia shikamoo. Seni akajikongoja uani akimuuliza kila mtu, "Umekula lakini? Mbona umekonda?" Bibi mtupu! Watu walicheka huku wanalia.

Saa saba hivi nikachungulia simu. Kapteni wangu ameumia goti, hachezi! Makamu wake, kwa uvivu wangu, nilikuwa nimemweka kipa, na kipa hata ukimzidisha mara mbili ni huruma tu. Nikamvuta Goodness nyuma ya kuni.

"Kapteni kaumia! Ukapteni nampa winga wangu wa mguu wa kushoto, sasa hivi."

Kabla sijabonyeza, fimbo ikanigusa bega.

"Mjukuu wangu," alisema Seni kwa sauti ya bibi, "mimi nimelala ndani, wewe unachezea simu?"

Akaichukua, akaichomeka kwenye kitenge. Uani watu wakaangua kicheko. Nikamrukia, mjomba Edmund akanishika mkono.

"Rozalia! Mtani hakasirikiwi msibani. Katafute jogoo ukomboe simu yako."

Jogoo aliyekuwa karibu ni wa jirani, mama Faustina, na hakuwa na mpango wa kukamatwa. Nilimkimbiza kwenye mahindi, nikamkimbiza kwenye kabichi, kanga ya msiba inaburuta matope. Niliporudi naye kwapani saa nane ilishapita. Nikamtupia Seni jogoo wake na kumwita mwizi, mchawi, mla michembe ya viazi vikavu. Yeye akanirudishia simu, akaniuliza kama nimekula.

Tukamzika bibi. Sikuigusa simu mpaka jua lilipokuwa linazama, nikiwa nimeketi jikoni na Goodness. Nilifungua ili nione aibu yangu iishe.

Nilikuwa juu. Kapteni alikuwa winga wangu wa mguu wa kushoto, na alikuwa amefunga mawili.

"Goodness, mimi sikumpa huyu ukapteni."

Goodness akatazama tumbo lake. "Seni aliniomba namba yako ya siri. Saa nane ilikuwa bado kidogo."

Nilimkuta Seni nyuma ya nyumba ananyonyoa jogoo, bado amevaa sweta.

"Wewe mwendawazimu, umejifunga mwenyewe! Ulikuwa umeshinda!"

"Nilitaka kukukomoa, kweli," alisema. "Nikakaa pale na simu yako nikicheka. Halafu mjomba Edmund akapita, akanipa shikamoo tena, akaniambia, bibi, nenda salama." Akaacha kunyonyoa. "Leo mimi ni nani, Rozalia? Si ni bibi? Sasa bibi ajinyang'anye jina lake mwenyewe?"

Nilikaa chini kwenye manyoya ya kuku nikalia kuliko nilivyolia kaburini. Seni aliniacha nilie. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akaegemea fimbo, akaniinamia.

"Jina langu linaongoza?"

"Linaongoza, bibi," nikamjibu.

Jogoo hakunirudishia, tena paja lote alikula yeye.