Mahari Iliyorudi Nkende

Jumamosi asubuhi Elieth alikuwa akimimina chai kwenye chupa aliposikia kitu kinacheua sebuleni. Ng'ombe wa mahari yake walikuwa wamejaa kati ya sofa na televisheni, kwato zikiteleza kwenye vigae. Aliwatambua kwa mabaka. Baadhi walichinjwa zamani, na wengine kaka yake Mseti aliwatoa alipooa, lakini wote walikuwa wazima na wanono. Mmoja alishaanza kutafuna pazia. Elieth akafungua madirisha, akaenda kutafuta majani.

Riwaya yake ilikuwa imetoka mwezi huo. Ilihusu wanawake wa nyumba za vigae pale Nkende: meneja wa benki, muuguzi mkuu, mwalimu mwenye gari lake. Wanaume walimuuliza hao nao wana shida gani, mbona wanashiba. Shida yenyewe aliiandika waziwazi: mshahara wa mke ni wa mume, kiwanja kina jina la mume, na mke akifungua mdomo anaambiwa, "Nilikutolea ng'ombe." Kila mwanamke aliyefika ukurasa wenye maneno hayo, ng'ombe wake walirudi. Nkende nzima ilinuka samadi. Elieth alichelewa kuufikia, kwani mwandishi hana haraka ya kujisoma.

Kwa Wakurya, mahari ikirudi, ndoa imekwisha. Elieth akafunga sanduku.

"Baba Nice, mali yako hiyo," alimwambia mumewe, Joel. "Mimi nakwenda Mugumu, nikapange chumba, niandike."

Joel aliwahesabu, kisha akaita wazee. Mzee Nyamhanga alikaa kwenye sofa, ndama akimpumulia shingoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Elieth.

"Marahaba. Nani kawaswaga?"

"Wamekuja wenyewe. Baba wa kuwarudisha alishafariki."

"Basi hawajarudishwa, mwanangu. Wametembea tu."

Wazee wote wakaafiki kwamba ndoa ingalipo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na pale walikuwa wawamba ngoma watupu. Hasira ilimpanda Elieth mpaka masikio yakawaka.

"Walipoletwa kwetu mliwahesabu mkaridhika! Leo mnauliza nani kawaswaga?"

"Mama Nice, punguza sauti," alisema Joel. "Una wageni."

Uamuzi huo ukapita nyumba kwa nyumba, kwa meneja, kwa muuguzi, kwa mwalimu. Hakuna mke aliyeondoka. Joel sasa alikuwa na ng'ombe, na mke pia. Jioni aliwaingiza zizini nyuma ya nyumba, akampa Elieth ndoo ya kukamulia.