Kiganja cha Wanza

Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, Makau alifungua kibanda chake pale Kawangware 46, akamwaga maji kidogo mlangoni ili vumbi litulie, kisha akaketi kumngoja Wanza. Gunia lilikuwa limeshafika kutoka godauni. Laptopu mbovu huuzwa kwa kilo, na gunia halifunguliwi mpaka linunuliwe. Ukitaka kuchungulia, mwenye godauni atakwambia uende sokoni ukachungulie sukuma wiki.

Wanza alifika saa tatu na robo. Alikuwa ametembea kutoka Gatwekera kama kila siku, viatu mkononi mpaka alipofika lami, kwa sababu ya matope ya maji taka ya vichochoroni. Kazi yao waligawana hivi: Wanza alifungua, Makau akatengeneza. Miaka tisa sasa. Wanza alikuwa na subira na vidole vyembamba, na kidole kidogo cha mkono wake wa kulia kilipinda kuelekea nje kama ndoana, tangu siku mlango wa kinu cha unga ulipokibana huko Kitui, akiwa darasa la tano.

"Leo za mwaka ujao ziko ngapi?" Makau aliuliza.

Wanza alipekua gunia. "Moja tu."

Kwa miaka mitatu magunia yalikuwa yakileta laptopu ambazo bado hazijatoka. Huko ng'ambo zilikuwa hazijaundwa, watu walikuwa bado wakibishana zitakuwa na umbo gani, lakini mizoga yake ilikuwa imeshafika Kawangware, vioo vimepasuka na betri zimefura. Hakuna aliyeona ajabu. Kibovu hakingoji kizima kitangulie. Makau aliziweka rafu ya juu, maana hazikuwa na spea wala mteja, akaendelea na kazi.

Aliyezifurahia ni Naftaly, mwenye saiba ya jirani, duka la intaneti. Yeye alizipiga picha na kuzituma kwenye ukurasa mmoja wa mtandao ambako watu wa nchi nyingi hushinda wakikisia laptopu ya mwaka ujao. Itakuwa nyembamba kiasi gani? Itabaki na tundu la chaja la pembeni? Pembe zitakuwa za mviringo? Wenzake walikisia, Naftaly aliangalia rafuni. Hakuwahi kukosea, kwa hiyo walimwita Mtu wa Ndani. Alipowaeleza kwamba yuko Kawangware, walidhani ni jina la kiwanda.

Ile ya Jumanne ilikuwa nyembamba kuliko zote. Wanza aliifuta masizi kwa kitambaa, na juu ya kifuniko kukatokea kiganja. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kubonyea umbo la mkono wa kulia, mistari yote inaonekana, hata kovu dogo la wembe chini ya kidole gumba. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kuelekea nje.

Wanza aliuweka mkono wake pale. Ulitoshea.

"Ni mimi," alisema.

Makau alivaa miwani akaangalia. "Ni wewe."

Wanza aliugeuza mkono wake, akautazama ndani na nje. Ulikuwa mzima. Aliipindua laptopu ile atafute skrubu, akapapasa kila upande. Hapakuwa na hata moja.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

"Sio. Nipe mji."

"Chukua Machakos."

"Nimeenda Machakos, nimekula kuku wao wote, nimerudi nimeshiba. Jibu ni hii." Aliigonga kwa ukucha. "Wamebandika kila kitu na gundi, Makau. Hata betri. Mtu ataifungua aje?"

Waliifungua kwa joto la mashine ya kukausha nywele, ambayo Wanza aliiazima kwa Eddah, mwenye saluni ya nyuma ya mabati. Ndani walikuta betri imelala kwenye gundi kama mtoto aliyeshonewa blanketi. Ilikuwa imeungua upande mmoja. Basi wakajua mkono ule utaungulia wapi na kwa nini. Siku tu ndiyo hawakuijua.

Makau alikwenda saiba mwenyewe, na huwa haendi. Alimwambia Naftaly awaandikie wale watu wake, nao wawafikishie wenye kiwanda: waweke skrubu nne tu, gundi waache, kwa sababu gundi itamchoma mtu anayeitwa Wanza. Naftaly aliandika yote kwa Kiingereza safi na kuambatisha picha ya kiganja.

Kufikia jioni kulikuwa na majibu elfu nne.

"Wanasemaje?" Wanza aliuliza.

Naftaly alijikuna shingo. "Mathe, wameipenda."

"Wamependa nini?"

"Kiganja. Wanasema ni dizaini mpya. Huyu anasema ni ya kushikia ndio laptopu isiteleze. Huyu anasema ni ya kufungulia, unaweka mkono inakujua. Hawa wawili wanatukanana juu ya kidole kidogo. Mmoja anasema kimepinda kwa sababu ya sayansi, mwingine anasema ni ya kuonyesha urembo."

"Na gundi?"

"Gundi hawajaguza."

"Hakuna hata mmoja ameuliza Wanza ni nani?"

"Ako mmoja, wa Poland. Wakamwambia Wanza ni jina la siri la hiyo laptopu."

Tangu siku hiyo laptopu ya mwaka ujao ikaitwa Wanza katika nchi zote. Waliandika kwamba Wanza itakuwa nyepesi, Wanza itakuwa ghali, Wanza haitafunguka. Naftaly aliandika tena mara sita kwamba Wanza ni mama wa mtoto mmoja, anaishi Gatwekera, ana mkono. Walimpongeza kwa mafumbo yake.

Makau alimwambia Wanza aiache kazi ile. Hakumfukuza, alimwambia kwa upole, akiangalia chini, kama anavyozungumza na mteja ambaye mashine yake haiponi. Wanza aliacha. Kwa majuma matano alikaa na wanawake wengine kando ya barabara ya Lavington, beseni magotini, akingoja kuitwa kufua. Aliitwa siku nne. Siku ya mwisho mwenye nyumba alimtazama mkono akamuuliza kama kidole kile kinaweza kukamua suruali ya jinzi. Mitchelle, binti yake, alikuwa kidato cha pili, na shule ilikuwa imeshamrudisha nyumbani mara mbili kwa kukosa karo. Jumatatu iliyofuata Wanza alikuwa kibandani saa tatu na robo. Makau alimpa bisibisi.

Mwezi wa tisa laptopu ilizinduliwa. Watu wa kibanda, wa saiba na wa saluni walibanana mbele ya skrini ya Naftaly. Mwanamume mwenye viatu vyeupe alitembea jukwaani huku akiishika laptopu kwa vidole viwili kama chapati ya moto. Kwenye kifuniko palikuwa na kiganja. Alisema umbo lile lilitokana na utafiti wa miaka mingi juu ya namna binadamu anavyokishika kitu anachokipenda. Alisema pia kwamba ndani hamna hata skrubu moja, na hapo ndipo watu waliposimama kupiga makofi. Mkono wa Wanza ulitokea nyuma yake, mkubwa kama ukuta wa kanisa.

"Wanza, si hiyo ni mkono yako?" Eddah aliuliza, kichana mdomoni.

"Ni yangu."

"Aki imetoka poa. Hiyo ungepaka rangi ya kucha."

"Ningejua ningepaka."

Wakacheka kidogo, kisha mteja wa Eddah akalalamika kwamba kichwa kinamwasha, wakarudi kazini.

Miaka miwili ilipita. Sasa laptopu zile zilianza kuja kwenye magunia kwa wakati wake halali, kumi, ishirini, zimekufa kifo cha kawaida. Kila moja ilikuwa na mkono wa Wanza juu yake. Alizipanga mezani asubuhi, na mtu aliyepita njiani angedhani kuna mama ishirini waliojificha chini ya meza wanaomba kitu. Alizifungua kwa hadhari. Alivaa glavu mbili, aliweka karai la mchanga pembeni, hakuruhusu mtu amsemeshe. Alifungua mia moja na zaidi bila hata moja kutoa moshi, na Makau akaanza kupiga mluzi tena akiwa kazini.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa mchana. Glavu zilikuwa zimetoboka vidoleni, na Wanza alizivua ili aipate ncha ya betri, kwa maana gundi ya laptopu hiyo ilikuwa nyingi kuliko ya nyingine. Betri ilipasuka. Moto uliruka kuelekea mabati ya nyuma, na nyuma ya mabati palikuwa na mtungi wa gesi wa Eddah na wateja watatu. Wanza aliipindua laptopu juu ya mchanga, betri chini, kifuniko juu, akaikandamiza. Mkono wake wa kulia haukutafuta pa kushika. Uliingia mahali pake, kidole kwa kidole, na akaushikilia hapo muda wa Baba Yetu mbili, mpaka moshi ukaisha. Makau alipomvuta, ngozi haikuja.

"Mtungi uko sawa?" Wanza aliuliza.

"Uko sawa."

"Basi nipeleke."

Zahanati aliyopelekwa ilikuwa na karani mpole aitwaye Urbanus. Muuguzi aliuosha mkono, akaufunga bandeji, akasema hiyo ni kazi ya hospitali kubwa, lazima upasuliwe na kubandikwa ngozi, na hospitali kubwa haimpokei mtu ambaye hajasajiliwa kwa alama za vidole. Urbanus akaleta kifaa cha kusoma vidole.

"Weka mkono mwingine, mama."

Wanza aliweka wa kushoto, kidole kimoja baada ya kingine. Miaka kumi na moja ya kufuta masizi na gundi kwa thina, dawa kali ya kuyeyushia rangi, ilikuwa imeilainisha ngozi ile, mistari yote imekwisha.

"Mashine inasema hakuna mtu," Urbanus alisema.

"Na mimi ni nani?"

"Mimi nakuona, mama. Lakini anayeandika si mimi, ni yeye."

Makau alirudi mpaka kibandani kwa miguu, akachukua kifuniko cha laptopu nyingine, akakileta chini ya koti. Mistari ya vidole vya Wanza ilikuwa pale, mizuri, safi, kama siku ile ya kwanza. Urbanus alikigeuzageuza, akasema jambo hilo linaruhusiwa kujaribiwa, akakibandika kwenye kifaa kidole gumba kwanza.

Taa ikawa ya kijani.

"Imesoma," Makau alisema.

"Imesoma." Urbanus alisogeza kiti karibu na skrini. Alisoma hadi chini, akarudi juu, akasoma tena. "Pole, mama. Vidole hivi vimeshasajiliwa."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina la kampuni. Hapa wameandika ni mali yake, ya umbo na ya alama, duniani kote. Na kampuni haiugui, kwa hivyo haina kitanda."

Wanza aliuliza kama kampuni inaweza kumwazima, siku moja tu, ya kupasuliwa. Urbanus alitafuta mahali pa kuandika ombi kama hilo, akafungua droo zote tatu. Hapakuwa na fomu. Alimwandikia dawa ya maumivu kwa mkono wake mwenyewe na kumsindikiza hadi getini, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Mkono ulipona kivyake, ukajikunja kama jani kavu. Hakuna kidole kilichofunguka tena. Mitchelle aliacha shule muhula huo ili amfulie mama yake na kumkatia mboga, akasema ni kwa muda, na Wanza akakubali kwamba ni kwa muda.

Wanza alijifunza kufungua kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mzito, laptopu moja asubuhi, moja mchana. Makau alimwekea kigoda kirefu zaidi.

Mwezi wa sita tetesi zilianza upya. Naftaly alikuja na simu, akasimama mlangoni akisubiri aitwe.

"Sema," Wanza alisema.

"Mathe, wanasema ya mwaka ujao watatoa kiganja. Ati watu wamekichoka. Ati kilikuwa kinakusanya uchafu."

Wanza aliendelea kuzungusha kipande cha waya mezani. "Na gundi?"

Naftaly alitembeza kidole kwenye simu, juu, chini, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Gundi hakuna mtu ameuliza."

"Wanauliza nini sasa?"

"Rangi. Wanabishana zitakuwa rangi ngapi."

"Ngapi?"

Makau alinyanyua mkono hadi rafu ya juu, akahesabu rangi za zile zilizofika juma lile.

"Nne," alisema.

"Waandikie nne," Wanza alimwambia Naftaly. "Wasikae wakijiuliza."