Kitanda Namba Sita

Hosteli! Matroni alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya limau. Miaka ishirini na tisa alisimamia bweni la wasichana, kastaafu, kajipumzikia zake, na leo mkwewe anamrudisha bwenini. Tena kwa kulipia!

"Mama, ni pasafi, na pana jiko la kupikia," mkwe alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Siku hizi wengi wanaosafiri na watoto hulala huku."

"Wenye watoto, au wasio na haya?"

Mkwe akacheka. Nalo hilo lilimkera: mwanamume gani huyu, ukimtukana anacheka? Fundi saa, mkono wa birika, hata mtoto hawezi kumkemea. Ndiyo maana Matroni alitaka mjukuu wake wa miaka saba ahamie kwake, asome huko, anyooshwe kabla hajaharibika. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho. Binti yake, aliyekuwa masomoni mji wa mbali walikokuwa wakienda kumwona, alimjibu kwenye simu: "Tutamuuliza mwenyewe." Kumuuliza mtoto! Haya, wangemuuliza kesho wakifika.

Mkwe alikwenda upande wa wanaume. Chumba cha wanawake kilikuwa na vitanda vinane vya chuma, kimoja juu ya kingine. Matroni alipitisha kidole kwenye fremu, akakitazama, akafyonya. Msichana mmoja mwenye begi kubwa kuliko yeye alikuwa akila biskuti kitandani. Matroni alimkazia macho mpaka biskuti ikarudi kwenye pakiti. Mwuza vipodozi aliyelala namba tatu akamwambia, "Mambo, mama?" Mambo! Matroni akamgeuzia mgongo. Mjukuu alipewa namba sita, mkabala na kitanda cha bibi yake.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Matroni alikuwa macho, kama kawaida yake. Namba sita ilikuwa tupu, blanketi limevutwa harakaharaka kufunika kitu. Hakuwa na haja ya kulifunua. Pua yake iliijua harufu ile.

Alitoka kumtafuta mkosaji, maneno tayari mdomoni. Kabla hajafika kwenye mabomba, akasikia sauti ya mjukuu wake.

"Baba, usimwambie Bibi."

"Simwambii."

"Mama alisema kwa Bibi ukikojoa unabebeshwa godoro kichwani, unazungushwa mbele ya wenzako wote wanakuimbia. Alisema hata yeye alibebeshwa."

"Hapa habebi mtu godoro," mkwe alisema, huku akikamua gauni la kulalia. "Mimi mwenyewe nilikojoa mpaka darasa la sita."

Kumbe! Kikojozi! Matroni alitaka kumcheka, kicheko hakikuja. Mawazoni alimwona binti yake, enzi hizo wa miaka tisa, shingo imepinda chini ya godoro, hatoi hata chozi. Siku ile Matroni alijisifu mbele ya walimu kwamba yeye hana upendeleo. Na tangu siku ile binti hakuwahi kumwambia siri yoyote. Mshenzi wewe, alijiambia.

Wakiwa jikoni wanakunywa chai, mhudumu wa hosteli aliingia na sauti yake juu.

"Nani kalala namba sita? Godoro limelowa chapachapa!"

Vichwa vyote viligeuka. Mkwe alifungua mdomo, lakini Matroni alimtangulia.

"Mimi."

"Lakini mama, wewe si ulikuwa namba—"

"Nimesema mimi! Mtu mzima nimejikojolea. Unataka nikuandikie barua?"

Akawatazama mmoja mmoja, toka utosini hadi unyayoni, kwa dharau yake yote aliyoikusanya kazini. Mwuza vipodozi akazamisha macho kwenye kikombe. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Ndipo alipomgeukia mjukuu wake. Mtoto hakutabasamu. Alikuwa ameng'ang'ania suruali ya baba yake kwa mikono miwili, maana sasa alijua kwamba Bibi anajua.

Walipofika kwa binti yake mchana, Matroni hakungoja mtoto aulizwe.

"Abaki na baba yake," alisema, akaomba maji ya kunywa.