Shikamoo ya Kristian

Mimi ndiye niliyepeleka barua ya posa Mlalo. Kaka yangu, baba yake Kristian, ni marehemu, na shangazi ndiye huachiwa kazi za kuchosha. Njia nzima kutoka Lushoto Kristian alinimiminia mambo aliyoyasoma kwenye simu: shule ni neno la Wajerumani, hela ni ya Wajerumani, meza tumepewa na Wareno. Nikamwambia sawa, warudishiwe meza yao, mimi aniache nipumzike.

Tulimkuta bibi yake Elinuru sebuleni, amevaa kitenge kipya. Yeye ndiye aliyemlea binti huyo tuliyekuja kumposa, na jibu la posa lilikuwa lake. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Kristian akasema, "Habari za leo, bibi?"

Bibi akawa anajitengeneza kitenge. Nikamfinya Kristian mgongoni. "Shikamoo, wewe!"

"Sisemi, shangazi," akajibu kwa sauti ya mhadhiri. "Neno hilo limetokana na 'nashika miguu yako'. Watumwa ndio waliowaambia mabwana zao. Mimi si mtumwa wa mtu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu mzima wa miaka thelathini na miwili ameshindwa kungoja nusu saa tu, tukubaliwe, ndipo awe profesa!

Bibi aliniuliza mimi, si yeye, "Ana homa?"

"Mzima kabisa, mama. Ndiyo taabu yenyewe."

Elinuru alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. "Kristian," akasema, "Jumanne nilikuletea chakula ofisini. Bosi wako alipopita ulimwambiaje?"

Kristian akaanza kutafuta simu mfukoni.

"Ulisimama ukampa shikamoo mara mbili, kwa kuwa ya kwanza hakuisikia. Na umemzidi miaka mitatu."

"Kazini ni tofauti, Elinuru..."

Hasira zilinipanda. Kumbe tatizo halikuwa neno! Kristian naye alishaona mambo yameharibika, akapiga goti harakaharaka. "Shikamoo, bibi."

Bibi aligeuza uso dirishani. Elinuru akanimiminia mimi chai, kikombe kimoja tu, akamgeukia mwanangu bila hata kupandisha sauti.

"Bosi wako ana cheo cha kukupa," akasema. "Bibi alikuwa na mimi tu wa kukupa."